Moto wa Upande wa Mama

Msambweni, 9 Mei 2024

Kwa mpwa wangu Hafsa,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa hai, na kwa sasa hilo ndilo jema ninaloweza kulisema bila kuongeza chumvi. Mvua imeng'oa upande mmoja wa paa la choo. Mbuzi wa Dama wamezaa mapacha. Ustadhi aliyekufundisha juzuu ya kwanza amefariki, tumemzika Jumatatu.

Dama anakusalimu. Tangu daktari aseme kwamba saratani yangu ya tezi dume imeingia mifupani, mke wangu huyu amekuwa askari. Mwanamke mmoja sokoni Ukunda amemwambia sukari ndiyo chakula cha saratani, basi ameficha hata kile kijiko kimoja nilichokuwa nikiiba. Nikamwambia, "Dama, mimi ni mgonjwa wa kisukari tangu watoto wakiwa shule ya msingi, unaniadhibu mara mbili?" Akachukua ule ubao wake mdogo, maana masikio yangu unayajua, akaandika: "Basi umeshazoea."

Usiniulize tena kwa nini sitaki ujumbe wa simu. Simu hushikwa na Dama, na Dama hawezi kusoma kimya. Jirani hupata habari zangu kabla yangu.

Mdogo wako Mwanasha alikuja Idi kutoka Kibuyuni. Amekonda. Wamempima, wamesema ana sukari, anameza vidonge. Mama mkwe wake analalamika kwamba amekuwa na kiburi, akiitwa haitiki. Nimemwambia Mwanasha aitike. Naye amenishtakia kwamba wewe humpokelei simu. Ulaya imekufundisha hivyo?

Wazee wa kijana wako Mbwana wametuma salamu kutoka Mkongani. Wanataka kuja kukuposa Desemba. Nikiwa bado nina pumzi, nitaketi mahali pa mjomba kama ilivyo desturi. Njoo mapema. Sina Desemba nyingi.

Mjomba wako,
Abdulaziz


Groningen, 2 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana. Mimi ni mzima. Huku kumeanza kupambazuka mapema mno, jua linatoka kabla sijamaliza usingizi. Mpe Dama hongera ya mbuzi, najua atawalea kuliko anavyokulea wewe.

Mwambie pia kwamba huyo mwanamke wa sokoni amesema nusu. Ni kweli seli nyingi za saratani hubugia sukari. Ndizo ninazozitazama kila siku maabara. Ndani ya kila seli mna majiko madogo, mitokondria, wewe ndiye uliyenifundisha jina hilo. Seli yenye afya huchoma sukari humo kwa hewa mpaka iishe, ipate nguvu. Seli ya saratani mara nyingi huichoma nusu tu, kama fundi anayetia kuni kidogo jikoni na mbao zilizobaki akajengea. Inataka kukua, haitaki joto peke yake. Lakini ukiinyima sukari hula mafuta, hula nyama ya mwili wenyewe. Hutaiua kwa chai chungu. Utajikondesha wewe.

Sasa Mjomba, nisikilize. Habari ya Mwanasha umeiandika kwa mistari michache kisha ukaipita, kama mtu anayeruka dimbwi. Ana sukari, naye hajawahi kuwa mnene. Akiitwa haitiki. Wewe una sukari nawe husikii. Mama alikuwa na sukari, na ninakumbuka nikiwa mdogo nilikuwa nikimvuta kanga ndipo ageuke. Kuna maradhi ya majiko hayo hayo yanayopiga sikio na kongosho pamoja, kwa sababu viungo hivyo vinahitaji moto mwingi. Hutoka kwa mama tu. Baba hachangii.

Ninakuuliza mambo matatu unijibu wazi. Bibi alikuwa kiziwi? Mama alikufa vipi? Mwanasha anameza vidonge gani? Kile cha kawaida ni dawa njema kwa watu wengi, lakini kwa mwenye majiko mabovu, hasa figo zikichoka, kinaweza kujaza asidi kwenye damu. Asiache dawa mwenyewe. Aende akamwambie daktari ukoo wetu ulivyo, abadilishiwe, apewe insulini.

Kuhusu simu, maabara ina kelele za mashine. Aniandikie.

Mpwa wako,
Hafsa


Msambweni, 11 Julai 2024

Hafsa,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta, kisha ikakaa mezani kwangu. Dama anasema mbuzi mmoja ameibwa na fisi, mimi nasema fisi wa miguu miwili. Dawa za maumivu zinanilaza mchana. Mwandiko umeharibika, utaona mwenyewe.

Usinifundishe mitokondria. Nilizichora ubaoni miaka yote niliyofundisha biolojia Kwale, na wewe ulikuwa umekaa dawati la mbele ukinyonya embe. Mimi masikio yangu yamezibwa na uzee. Bibi yako alikufa mzee, na mzee kutosikia si maradhi. Mama yako alikufa kwa sukari na kwa amri ya Mungu. Hayo yalishazikwa.

Mwanasha ni mke wa watu. Wazee wa Kibuyuni walipokuja kuposa waliniuliza mimi, mjomba wa msichana, swali linaloulizwa siku zote: nyumba hii ina nini? Nilisimama nikasema nyumba ni safi. Fuko letu, ukoo huu wa upande wa mama, lina wasichana wengine. Binti za Mwanasha wenyewe watakuja kuolewa. Ukiandika kwa daktari kwamba ugonjwa hupita kwa wanawake wetu, utakuwa umewaweka wote ukumbini mpaka wazeeke. Umefikiri hilo, wewe mwenye kusoma?

Nimesikia kwamba anatapika, na misuli inamuuma akifunga mwani kwenye kamba. Wakwe wamesema ni pepo, wamemwita mtu wa kupunga. Salimu mumewe ni kijana mwema lakini hamwezi mama yake.

Dama amenirudishia sukari. Ameandika ubaoni: "Hafsa kakuokoa, mshukuru." Nashukuru.

Abdulaziz


Groningen, 20 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua hii naituma kwa kompyuta, mwenye saiba ya Msambweni atakuchapishia na kukuletea. Salamu zinatosha. Sina habari za kukupa, sina subira ya kuziandika.

Kuna mtu amenipigia picha barua yako siku ile ile ulipoifunga, kabla hujaipeleka posta. Ni Dama. Ndiyo, yule asiyejua kusoma kimya. Usimgombeze, ana akili kuliko sisi wawili.

Nimemwandikia Salimu. Nimemweleza kila kitu kwa lugha ambayo mtoto angeielewa. Unajua amenijibu nini? "Dada, tunashukuru. Lakini wazee wanasema mjomba wenu alisema nyumba safi. Wewe ni mtoto wa juzi. Mjomba akigeuza neno lake, tutamsikia." Jana ameniandikia tena kwamba Mwanasha anahema kama aliyekimbia na hali amelala. Anahema, Mjomba! Asidi ikiingia kwenye damu mtu huhema hivyo. Wanampigia ngoma na kumfukizia ubani, na kila asubuhi mama mkwe anamtia kidonge mdomoni kwa mkono wake, kwa mapenzi kabisa.

Mama naye alihema hivyo. Nilikuwa mkubwa, nilikuwepo wodini. Ulinituma nikachote maji wakati daktari alipoingia. Kulikuwa na maji tele ndani ya mtungi. Nimeliwaza hilo tangu barua yako ifike. Daktari yule alikuuliza nini?

Watoto wako wa kuzaa, wale wanne, wanasikia panya akipita darini. Wana haki ya kusikia, wewe ni mwanamume, moto mbovu umeishia kwako. Ulikuwa unalijua hilo. Mwalimu wa biolojia alijua kwamba wanawe wamepona na wapwa zake ndio wanaochomwa, akasimama akasema nyumba ni safi. Unajiita mjomba? Desturi inasema mpwa ni damu ya mjomba. Wewe damu yako uliifanya nini?

Huna haja ya kunijibu. Nenda Kibuyuni. Ukifa kabla hujaenda, sitakuja kukuzika.

Hafsa


Msambweni, 23 Julai 2024

Mpwa wangu,

Mwenye saiba ameniletea karatasi zako jioni hii akiwa ameinamisha macho, kwa hiyo naye amezisoma. Afanye atakavyo. Niliyafungia nyumbani maneno haya muda mrefu, na nyumba yenyewe sasa haina dari.

Nimekukasirikia. Niliitupa barua yako uani, na Dama akaenda akaiokota, akaifuta mchanga, akaniwekea mapajani. Nikaitupa tena. Mara ya pili hakuiokota. Alisimama tu akanitazama mpaka nikaenda mwenyewe, nikitambaa na fimbo. Kwa hiyo nakujibu.

Bibi yako alikuwa kiziwi kabla hajafikia umri wako wa sasa. Tulikuwa tukimwita kwa kumrushia kokoto. Mama yako Twaiba alianza kulipoteza sikio baada ya kukuzaa wewe. Mimi nilianza nikiwa bado nafundisha. Wanafunzi walipouliza maswali nilikuwa nawaambia, "Darasa lina kelele, andikeni." Nikasifiwa kwamba ninawafundisha kuandika. Niliposoma kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, niliweka chaki chini. Nilimwona mama yangu, na dada zake, na Twaiba. Nikalimaliza somo. Sikumwambia mtu.

Daktari yule alikuwa mgeni, kijana aliyekuja kutembelea wodi. Alimtazama mama yako anavyohema, akaangalia karatasi, kisha akaniuliza polepole, maana nadhani alishaniona ninavyomtazama midomo: "Mwalimu, katika ukoo wa mgonjwa kuna kiziwi yeyote?" Wazee wa Kibuyuni walikuwa waje Ijumaa ile kumposa Mwanasha. Wewe ulikuwa mlangoni, nikakutuma maji. Nikamwambia, "Kwetu hakuna kiziwi." Akaniuliza tena. Nikamjibu vile vile, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu sikuwa najisikia. Aliandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Twaiba alikufa alfajiri, na Ijumaa wazee wakaja hivyo hivyo, wakatukuta matangani, wakasema nyumba ya msiba haivunjiwi ahadi.

Nilijiambia ninalilinda fuko. Wanaume wa upande wa baba walikuwa wakingoja neno kama hilo, waseme ukoo unaohesabiwa kwa wanawake umeoza kwa wanawake. Nisingewapa. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa mjomba, watu walisimama nilipoingia. Niliona haya kuitwa kiziwi. Ni hivyo tu. Nimemzika dada yangu kwa kuona haya.

Wala usifikiri ninaomba radhi. Radhi ya nini, na Mwanasha anahema? Kesho naenda. Dama amekwishamwambia mwenye tuktuk. Ameandika: "Ukifia njiani nitakupeleka hivyo hivyo, ukaseme."

A.


Msambweni, 6 Agosti 2024

Kwa Hafsa,

Asalaam aleikum. Mwanasha yu hai. Naanza na hilo, mengine utayasoma ukiwa umekaa.

Tulifika Kibuyuni wakati wa maji kupwa, wanawake wote walikuwa kwenye mwani isipokuwa mama mkwe. Mwanasha alikuwa amelazwa ukumbini, ubani umejaa mpaka macho yakaniwasha, na mpunga pepo alikuwa amekaa pembeni akila muhogo. Mifupa yangu ilikuwa imekwisha kwa mashimo ya njia ile. Nilishikiliwa kwapani kushoto na kulia. Nikaomba Mzee Shutu, baba yake Salimu, aitwe, kwa kuwa ndiye aliyeniuliza zamani.

Nikamwambia, "Shutu, niulize tena."

Alidhani maradhi yamenipanda kichwani. Akauliza ili kunituliza: nyumba ile ina nini?

Nikasema, "Nyumba si safi. Ina uziwi na ina sukari, vyote kwa upande wa mama, na mimi nilijua. Mwanasha hana pepo wala hana kiburi. Hasikii. Nanyi kidonge mnachompa kinamwua, na aliyewapa ruhusa ya kumwua ni mimi. Mpelekeni hospitali sasa hivi, mkimaliza mnitukane."

Hawakungoja wamalize. Nilikuwa naiona midomo tu inavyokwenda. Dama alikuwa na ubao wake, akaandika: "Wanakutukana. Niandike yote?" Nikasema andika. Akaandika: "Mwongo. Mzee asiye na haya. Umetuozesha kiziwi. Shutu anasema angekuwa na nguvu angekupiga kofi." Akafuta, akaandika tena: "Na mimi ningemshikia kofia." Ndivyo alivyo mke wangu.

Lakini Salimu hakutukana. Alikwishambeba mkewe. Alimtoa nje mikononi kama mtu anayetoa mtoto kwenye nyumba inayoungua, akamtia kwenye tuktuk yetu, wakaondoka, mimi nikabaki na watu walionichukia. Mama mkwe alikuja akaketi mbele yangu chini. Alisema jambo kwa muda mrefu huku analia. Dama aliandika kwa ufupi: "Anasema miaka yote hii alikuwa akimfokea mtu asiyesikia, na Mwanasha alikuwa akicheka naye tu."

Tulimkuta Salimu hospitali jioni. Daktari ni binti mdogo, pengine ni wa rika la wajukuu wangu. Alikuwa ameshapima damu. Alikuja na swali lile lile, Hafsa, kana kwamba liliachwa pale linanisubiri. Dama aliliandika ubaoni: "Kuna kiziwi katika ukoo?" Nikasema, "Mimi. Na mama yangu. Na dada yangu Twaiba, aliyekufa humu kwa uongo wangu. Na huyu." Aliyaandika yote. Kisha akavuta kiti.

Kidonge wamekikata. Wamemwekea maji ya mshipa na insulini, na siku ya nne pumzi ikatulia. Hajapona, na maradhi yenyewe hayana tiba ya kuyaondoa, daktari ameniambia. Ila yu hai, anakula, na ameomba awekewe kifaa cha sikio. Binti zake wataangaliwa. Wakwe hawajaamua kama bado ni wakwe. Salimu ameamua.

Nina hasira na wewe bado. Uliandika hutakuja kunizika. Maneno hayo yaliniuma kuliko mfupa, na ulikuwa na haki nayo, ndiyo maana yakauma.

Sasa nikuulize mimi. Mwaka na zaidi hujapokea simu ya mtu yeyote wa nyumba hii. Salimu umemwandikia. Dama umemwandikia. Hata mdogo wako akihema, hukupiga simu umsikie. Unasema maabara ina kelele za mashine. Mimi nilisema darasa lina kelele.

Ni sikio lipi, mwanangu? Na Mbwana anajua?

Mjomba wako


Groningen, 19 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Nilikasirika uliponiuliza. Nilizunguka chumba kizima nikikutukana kwa Kidigo, na ni lugha nzuri kwa kazi hiyo.

Ni la kulia. Lilianza Ramadhani ya mwaka jana, na la kushoto sasa linalifuata. Sukari nimepima, imeanza kupanda. Wenzangu hapa ni mabingwa wa majiko ya seli, nimekaa nao meza moja, nikawaambia mashine zina kelele. Nilikuita mwongo na huku mimi nimekaa juu ya uongo ule ule, ninaupasha joto.

Juzi nimepimwa. Ni kama tulivyojua.

Jana nimemwandikia Mbwana yote: bibi, mama, wewe, Mwanasha, mimi, na watoto nitakaowazaa. Bado hajajibu. Anaweza asijibu. Nimeona kwamba kumngoja kunauma kidogo kuliko kumficha.

Nitakuja Novemba. Umwambie Dama asifiche sukari ya wageni. Nami nitakuja kukuzika, lakini sitaki kuja kwa hilo, kwa hiyo jikaze.

Wazee wa Mkongani wakija Desemba, kama una pumzi, utaketi mahali pako mbele, nami nitaketi karibu yako na ubao. Kama huna, nitaketi mimi. Wataniuliza nyumba ina nini, na watajibiwa na mwanamke wa nyumba hiyo.

Mpwa wako, damu yako,
Hafsa